Pongezi kwa Soja Asiyeajiriwa

Saa tano usiku Kitale huwa imeshafunga. Mwenye mahindi ya kuchoma kando ya stendi amemwagia makaa maji, bodaboda wa mwisho amepandisha mteja Kibomet, na baridi ya Mlima Elgon imepenya hadi chini ya blanketi. Hapo ndipo kijana wetu anapoingia kazini. Hana sare, hana rungu, hana tochi. Ana simu iliyopasuka kioo na bando la shilingi ishirini, na bando likikatika kabla hajamaliza kutukana, anakopa Okoa Jahazi, mkopo ambao Safaricom huukata ada ya asilimia 10. Watu wengine wa Trans Nzoia hukopa wanunue mbegu na mbolea. Huyu anakopa ili amwambie mwanamke wa Bungoma, ambaye hajawahi kumtia machoni, kwamba hajui lolote kuhusu kompyuta na afadhali aolewe.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa dhidi yake, na naona tumemvunjia heshima. Mtu huyu analinda geti. Kompyuta, ufundi wa simu, michezo ya video, katuni za Kijapani, roboti, hata ule ubishi usioisha wa nani atamshinda mwenzake kati ya Goku na Superman: yote hayo yana geti, na lazima mtu asimame pale. Geti lenyewe hakulijenga yeye. Alilikuta wazi, likipitisha yeyote mwenye hamu ya kujua, akaiona hatari, akajitolea. Katika nchi ambayo vijana wenye digrii wanazunguka na bahasha za kaki mwaka nenda mwaka rudi, mmoja amejipa kazi bila barua ya maombi, bila kumjua mtu, bila kutoa chai. Nasi tunamlipa kwa kumwita takataka.

Kazi yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Yupo fundi mmoja wa simu mwenye kibanda Kitale, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu soja wetu tayari analo na anatosha. Fundi huyu alijirekodi akibadilisha tundu la chaji, video ya dakika mbili. Alichomoa betri kwanza. Akaipasha bodi moto kwa bloa, polepole, asije akayeyusha vijidude vya plastiki vilivyo jirani, akaling'oa tundu la zamani kwa kibano, akapangusa mabaki ya lehemu, akapanga jipya na kulishika pini moja moja chini ya kioo cha kukuzia. Akarudisha betri. Akachomeka waya. Alama ndogo ya radi ikatokea kwenye skrini, naye akainua kidole gumba, video ikaisha.

Mtu wa kwanza aliuliza nani amemshikia kamera. Wa pili aliuliza kucha hizo ni za kazi gani. Wa tatu alisema mikono ni mizuri, bwana yupo? Ilipofika saa tano usiku soja mwenyewe akawasili, akaandika kwa herufi kubwa kwamba fundi yeyote aliyesoma angeanza kwa kutoa betri. Betri ilitolewa katika sekunde ya tisa. Fundi alipomweleza hivyo, kwa upole na kwa neno "kaka" mbele, alijibu kwamba wanawake wa siku hizi hawakosoleki. Baadaye mwenzake akagundua kwamba mikono ile lazima ilikuwa ya mwanamume, madam alitoa uso tu. Kufikia asubuhi picha yake ya harusi ya dadake, iliyokatwa akabaki peke yake, ilikuwa inazunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Kiminini hadi Chwele, na chini yake nambari ya kibanda, na bei. Haikuwa bei ya tundu la chaji.

Hesabu faida iliyopatikana. Somo la dakika mbili limerefushwa likawa tamthilia ya wiki nzima. Wateja wa lile tangazo walipiga simu hadi usiku wa manane, ishara kwamba soja anajua kutafuta soko kuliko fundi mwenyewe. Na yule mama aliyefika siku chache baadaye na simu iliyolowa maji, akamkuta fundi ameinamia bodi, alisimama mlangoni akauliza, "Mami, fundi ameenda wapi?" Akaambiwa ndiye huyu. "Hapana, yule mwenyewe." Mama yule hakuwa na ubaya wowote. Ni mafunzo tu yamemfikia.

Ukarimu wake nao haujasemwa. Mwanamume akidai ametengeneza programu ya kuhesabu magunia ya mahindi, huaminiwa papo hapo, na ndiyo maana programu nyingi za kuhesabu magunia ya mahindi hazihesabu. Mwanamke akidai hivyo hupewa mtihani, bure, saa yoyote, na watahini zaidi ya mmoja. Taja lugha za kompyuta unazozijua. Geuza orodha hii kinyumenyume, sasa hivi, bila kuuliza Google. Umesomea wapi? Nani alikusaidia? Msichana anayesomea kompyuta chuoni hufanya mitihani miwili kila muhula, ule wa chuo na huu wa soja, na huu wa soja hauna alama ya kupita. Hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa sababu mtihani ukipitika, watu watapita.

Kule Bungoma mwenzake analinda kibanda cha PlayStation nyuma ya soko, chumba cha mabati chenye televisheni mbili, benchi moja, na kanuni moja iliyoandikwa ukutani kwa chaki: aliyefungwa apishe. Kanuni nzuri, ya haki, haina jinsia. Msichana mmoja aliingia na shilingi zake, akamfunga wa kwanza. Ikagunduliwa kwamba kontrola ina hitilafu. Akamfunga wa pili. Ikagunduliwa kwamba mtandao unasumbua, ingawa mchezo wenyewe hautumii mtandao. Akamfunga wa tatu mabao manne, na hapo ikagunduliwa kwamba sketi yake ni fupi. Uchunguzi wa namna hiyo, unaoanza na kifaa, ukapita kwenye mtandao, ukakifikia chanzo halisi cha tatizo, vyuo vyetu huchukua miaka minne kuufundisha.

Mara mojamoja soja husinzia na mtu akapenya. Mwaka 2018 alipenya Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la QueenArrow, wakati huo akisomea sheria. Timu ya Marekani, XiT Gaming, ilimsajili kucheza Tekken, akawa Mkenya wa kwanza wa kike kuufanya mchezo wa video kuwa kazi ya kulipwa. Yaliyoandikwa chini ya habari zake anaweza kuyakisia yeyote aliyewahi kushuka hadi kwenye maoni.

Asije mtu akadhani kazi hii ilianzia kwenye makundi ya WhatsApp ya Kitale. Ina nasaba ndefu. Mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipoionyesha dunia mashine ya ENIAC, waliokuwa wameipangia hesabu zake ni wanawake sita. Jioni ya uzinduzi wanaume wakaenda kwenye karamu, wanawake wakaenda nyumbani. Karibu miaka arobaini baadaye mwanafunzi aitwaye Kathy Kleiman aliziona picha za wanawake hao kando ya mashine, akauliza ni akina nani, akaambiwa katika makumbusho ya kompyuta kwamba ni warembo tu wa tangazo, kama wale waliokuwa wakisimamishwa kando ya friji mpya. Jibu hilo na lile la "yule mwenyewe" yametoka shule moja.

Wenzetu wa Marekani wameiendeleza taaluma kwa kasi. Mwaka 2012 Anita Sarkeesian aliomba umma dola 6,000 ili atengeneze video kuhusu jinsi wanawake wanavyochorwa katika michezo ya kompyuta. Kuna bwana aliyejibu kwa kutengeneza mchezo ambao kazi ya mchezaji ni kuupiga uso wa Sarkeesian hadi uvimbe. Matusi yalivuma mpaka watu wakataka kujua yanamhusu nani, na mchango ukafika dola 158,000 na zaidi. Hakuna harambee ya kanisa iliyowahi kupata mpiga debe wa kiwango hicho. Miaka miwili baadaye, katika wimbi lililoitwa Gamergate, alighairi hotuba katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu kutishia mauaji ya halaiki, na polisi kueleza kwamba sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia wenye leseni kuingia ukumbini na bunduki zao. Soja wetu hajafika huko. Tumpe muda, alianza na bando la shilingi ishirini.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kumtetea, kwa kuwa linamuumiza kwelikweli, nalo ni rangi. Usiku akimaliza zamu hucheza kidogo. Seva za michezo mingi ziko mbali, Ulaya au Afrika Kusini, kwa hiyo hukutana na watu wa kila aina. Anawasha kipaza sauti, lafudhi ya Webuye inasikika, na papo hapo kijana wa Ulaya ambaye hata sauti haijavunjika anamwita tumbili na kumuuliza kama kompyuta yake inatumia kuni. Hapo soja hubadilika kuwa mwanaharakati. Anapiga picha za skrini. Anaandika malalamiko yenye aya, akianza na utu wa binadamu na kumalizia na Umoja wa Mataifa. Anauliza wasimamizi wa mchezo wako wapi. Anajibiwa na mashine kwamba hakuna kanuni iliyokiukwa. Analala na uchungu ambao simtakii mtu. Kesho yake, saa tano usiku, yuko getini.

Mashine zenyewe hazijampendelea pia. Mwaka 2015 programu ya picha ya Google iliwapachika kijana mmoja mweusi wa Marekani na rafiki yake jina la sokwe. Kampuni iliomba radhi, ikatafuta dawa, na dawa yenyewe ikawa kulifuta neno "sokwe". Mwaka 2018 jarida la Wired lilikuta bado limefutwa. Mwaka huo huo Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kutambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, alitoka Google Desemba 2020 katika mzozo wa makala ya utafiti: yeye anasema alifutwa, kampuni ikasema alijiuzulu, na geti likarudi mahali pake. Programu hizo zimetengenezwa na wale waliobaki ndani masoja wa kule walipomaliza kuchuja. Kwa hiyo anayemzuia fundi wa kike Kitale anaitwa sokwe na kazi ya wenzake wa California wanaozuia kwa bidii ile ile. Ni watu wachache wanaoipenda taaluma inayowatafuna kiasi hicho.

Jinsia ikikosa kufanya kazi, kuna jina la pili. Trans Nzoia ina Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii, na kila mtu alitoka mahali. Soja husoma jina lako la mwisho na mara moja anajua unakopaswa kurudi. Nimewahi kufuatilia mjadala ulioanza na swali la kompyuta gani inafaa kwa elfu hamsini. Ujumbe wa ishirini hivi ulikuwa umefika kwenye mashamba ya wazungu yaliyogawanywa baada ya uhuru, na nani alipewa kisicho chake. Aliyeuliza kuhusu kompyuta aliondoka kimyakimya. Kwa nilivyosikia, alinunua redio.

Wazee wa Bungoma wanaweza kudhani wanamfahamu mtu huyu, kwa kuwa matusi si mageni kwao. Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, kijana wa Kibukusu hupiga kengele zake za chinyimba nyumba hadi nyumba akiwaalika watu kwenye tohara, na jamaa zake humtolea maneno ambayo gazeti halichapishi. Khocha wake, mjomba wa upande wa mama, humkemea kwamba ni mwoga na amefuata nyama tu, humzaba kofi, kisha humchinjia na kumvika nyama shingoni arudi nayo kwao. Lakini huo ni utukanaji wa kizamani, umejaa kasoro. Mtukanaji anajulikana kwa jina. Anatukana mchana, ana kwa ana, na anayetukanwa anaweza kumtazama machoni. Siku ikipita, ananyamaza. Juu ya yote, unamgharimu mnyama. Soja wa kisasa ameondoa gharama zote hizo akabakiza tusi peke yake.

Serikali nayo inamthamini kuliko inavyokiri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, iliyotiwa saini Mei 2018, ukiisoma vizuri ni orodha ya bei. Kumnyanyasa mtu mtandaoni kunaweza kukugharimu hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela, bei ya kutisha, iliyowekwa juu kabisa ya rafu asikoifikia mtu. Kuchapisha habari za uongo kuliwekewa hadi milioni 5. Kusambaza picha ya utupu ya mtu ni hadi laki mbili au miaka miwili, au vyote. Laki mbili na miaka miwili ndiyo bei ya kosa jingine pia, la kutumia mtandaoni jina la biashara ya mwenzako bila idhini. Kwa hiyo mwili wa fundi na jina la kibanda chake vina thamani moja mbele ya sheria. Halafu mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Soja mwenye akili ya hesabu ataona kwamba picha ya mtu aliyevaa inaweza kugharimu mara tisa ya picha ya mtu aliyevuliwa, naye atachagua kwa busara.

Fundi wetu alikwenda kituoni. Aliandikiwa nambari ya OB. Akaambiwa azichapishe picha za skrini kwenye karatasi, akazichapisha kwa shilingi kumi ukurasa, akarudi, akakuta aliyemwandikia yuko likizo. Maabara ya idara ya upelelezi, DCI, ya kuchunguza vifaa vya kidijitali iko Nairobi, kilomita zipatazo 380, na huko kuna mambo makubwa zaidi. Ndipo afisa mmoja, mtu mwema, wa umri wa babake, akamvuta kando akamshauri kama mtoto wa nyumbani: "Lakini dada, si uzime tu simu kwa muda?" Fundi wa simu.

Wanaosema dola haina uwezo wa kumfikia mtu mtandaoni wanaikosea. Inapotaka, ina mbio. Mei 30, 2025 mtayarishaji programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi. Alikuwa ametengeneza programu inayomwezesha mwananchi kulitumia bunge barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha. Sikukuu ya Madaraka ilimkuta korokoroni, akashtakiwa kwa sheria ile ile ya 2018, kifungu cha kuingilia mifumo ya kompyuta. Juni 20 mahakama ya Milimani ikaitupa kesi, ikisema hati ya mashtaka haikuonyesha kosa. Mwanamke aliyeandika programu alipatikana mara moja, kwa jina, kwa anwani, na kompyuta yake ikabebwa. Ukivuka Malaba uingie Uganda, utakuta wametangulia. Agosti 2019 Stella Nyanzi alipewa miezi 18 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni, na mnyonge aliyenyanyaswa alikuwa Rais Museveni, kwa shairi. Hukumu ilibatilishwa Februari 2020, wakati kifungo kilikuwa kimeshatumikiwa karibu chote. Soja anazisoma habari hizi na kupata moyo. Geti lake lina askari wa akiba wenye bunduki na pingu, nao hawahitaji hata kuombwa.

Tusisahau ajira alizozalisha. Kuanzia 2019 kazi ya kusafisha uchafu wa Facebook kwa nchi nyingi za Afrika ilifanyiwa Nairobi, katika kampuni ya Sama. Februari 2022 jarida la TIME liliandika kwamba baadhi ya wasafishaji walilipwa takriban dola moja na nusu kwa saa, kutazama mchana kutwa yale ambayo masoja wa bara zima waliyamwaga usiku. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyejaribu kuwaunganisha wenzake mwaka 2019, akafutwa, aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama mahakamani Nairobi Mei 2022. Mwaka uliofuata wasafishaji zaidi ya 180 wakaenda kortini pia. Meta ilijibu kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haipo Kenya. Mahakama haikukubali, na Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo Septemba 2024. Mgawanyo wa kazi ni huu basi: mmoja anachafua bure, mwingine anapangusa kwa dola moja na nusu, na wa tatu, asiyekuwepo, anapokea za matangazo.

Ila wanufaika wakubwa ni sisi, wanaume wapole. Sisi hatutukani. Tukiona tusi tunasoma, tunatikisa kichwa, tunaendelea kushuka. Katika kila kundi yuko admini, mtu wa heshima, ambaye mambo yakichacha huandika "Jamani tuheshimiane" na mikono miwili iliyoshikana, akiwaambia aliyetukana na aliyetukanwa kwa pamoja. Mwaka 2020 shirika la Pollicy la Kampala liliwahoji wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwamo, na zaidi ya robo wakasema wamewahi kudhulumiwa mtandaoni. Anayenyanyaswa hufunga ukurasa, au huacha kuuliza maswali, au huhama fani. Nafasi ya kazi inatangazwa, waombaji wamepungua, na mmoja wetu anaipata, anawashukuru wazazi na Mungu. Soja hashukuriwi. Wala yeye mwenyewe hapati kazi hiyo, maana saa alizopaswa kujifunza alizimalizia getini.

Mjini Nairobi wapo waliopanda ngazi wakafanya ulinzi wakiwa ofisini, kwa mshahara. Shirika la Ushahidi lilianzishwa 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na Juliana Rotich wakiwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 2017 shirika hilo hilo lilimfuta kazi mkurugenzi mtendaji wake, mwanamume, baada ya mfanyakazi wa kike kulalamika kuhusu unyanyasaji wa kingono. Kijana wa Kitale akisikia kwamba kuna wanaolipwa bima ya afya kwa kazi hii, ana haki ya kuhisi ameonewa.

Kazi yake ina dosari moja ambayo kwa haki lazima niitaje. Ukimzuia mtu getini muda mrefu sana, huacha kupiga hodi. Mwaka 2010 Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor walianzisha shirika la AkiraChix jijini Nairobi, na tangu hapo linawafundisha wasichana kuandika programu bila kumwomba soja ruhusa. Hata fundi wetu amefunga sehemu ya maoni, ameanzisha kundi la mafundi wa kike wa Kitale, Webuye na Kimilili, na kuingia lazima upendekezwe na aliye ndani. Soja amejaribu kuingia kwa jina la "Mercy" akakwama kwenye swali la pini za chaji. Alilalamika kwamba huo ni ubaguzi.

Napendekeza atunukiwe, na atunukiwe nyumbani. Bungoma imezoea sherehe kubwa: Juni 1, 2024 Madaraka ya taifa zima ilifanyika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, na viti vilitosha. Hafla iwe Agosti, mwaka wa tohara, wakati khocha wote wako huru na sauti zao zimeshapata mazoezi. Masharti ni machache. Soja aje mwenyewe, kwa jina la kitambulisho, si la simba wala la tarakimu. Aje na khocha wake, kwa kuwa ndiye atakayemvika. Wasifu wake usomwe wote kwenye kipaza sauti, tusi kwa tusi, tarehe na saa, bila kusahihisha tahajia, na palipoandikwa kwa herufi kubwa msomaji apaze sauti. Fundi wa Kitale amekubali kufunga mitambo kwa bei yake ya kawaida, pesa mbele.

Fomu zimeshatumwa kwenye makundi. Zimesomwa, maana alama mbili za buluu zimetokea. Aliyejibu hadi sasa ni mmoja, na ameuliza kama anaruhusiwa kutuma mtu.